Barafu Isiguse Maji

Temeke, siku ya kuamkia safari yako

Mwanangu Atuganile,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini nikuulizeje hali ilhali asubuhi hii nimekusuka nywele kwa mikono yangu, na sasa hivi uko Mabibo tu, unawaaga shangazi zako? Baba yako yuko uani anagongagonga kitasa cha sanduku ambacho, kwa maoni yangu, kilikuwa kizima kabla hajakigusa. Nina saa mbili, labda tatu, kabla hujarudi. Zinanitosha kama sitaogopa.

Sitaandika juu ya sweta, wala vidonge vya malaria, wala namna ya kuishi na watu. Hayo utaambiwa na kila mtu mpaka uchoke. Naandika kwa sababu kuna jambo nimejaribu kukuambia mara tatu tangu Jumapili, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umekula.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka kwenye usaili wa masomo ya ng'ambo, ukaingia hata viatu hujavua? Ulisema, "Mama, waliniuliza kwa nini bahari, tena bahari ya huko kwenye barafu, mtu wa Temeke! Mie nikawasimulia lile tangi lako." Nikakuuliza walisemaje. Ukasema, "Yule mama wa katikati aliacha kuandika, akabaki ananitazama. Na yule mgeni wa chuo akaniambia nikifika nimsimulie na profesa wake. Hata kwenye ile insha ya maombi nimeliandika, ukurasa mzima." Mimi nikainuka, nikasema naenda kuangalia maharage. Hakukuwa na maharage jikoni, Atu. Nilisimama mbele ya jiko lililozimika mpaka uliponiita.

Ndiyo maana barua hii haiwezi kungoja. Baada ya siku chache utasimama mbele ya watu wanaoyajua maji kuliko mimi, utawasimulia ulichokiona ukiwa na miaka kumi, nao watajua kabla hujamaliza kwamba ulichokiona hakiwezi kutokea. Wala hakikutokea. Nilikitengeneza.

Nianze mbali kidogo, maana kosa lenyewe lilianza mbali.

Nilipopelekwa kusoma ng'ambo, Uhuru ulikuwa bado mchanga na sisi tuliopelekwa tulijiona kama mbegu zilizochaguliwa. Profesa wangu alikuwa na tangi refu la kioo, na ndani yake alikuwa ameunda bahari. Upande mmoja kulikuwa na barafu, upande wa pili taa ya kupasha joto, na katikati maji yaliyotiwa rangi ili jicho liweze kuyafuata. Unayajua haya kuliko mimi sasa, lakini nikuandikie kama nilivyoyaelewa siku zile. Maji ya juu, kule kwenye ncha za dunia, hupozwa na upepo mpaka yawe mazito. Yakiganda, barafu haiichukui chumvi, huiacha nje, na maji yanayobaki huzidi kuwa mazito. Hayo huzama hadi sakafuni, kisha hutambaa gizani kuja huku kwetu, safari inayozidi umri wa ukoo mzima. Nilipoyaona yale maji ya rangi yakishuka kama pazia, nililia, na mwenzangu wa pembeni akadhani nimekumbuka nyumbani. Huenda ni kweli. Nilikuwa najiambia kwamba maji haya ya baridi yataifikia pwani yetu, hata kama ni miaka mia kadhaa baadaye.

Ila jambo moja sikuliona. Nilikuwa nafika maabara saa tatu, kila kitu kimeshapangwa. Aliyelipanga tangi lile alikuwa fundi mmoja mwenye koti la kijivu, ambaye kwa miaka mitatu sikuwahi kumuuliza jina wala kumwona akifanya kazi yake. Mimi nilikuwa mtu wa hesabu. Nilijaza madaftari kwa hesabu za masanduku mawili, moja la maji ya moto, moja la maji ya baridi, yakiwa yameunganishwa kwa bomba juu na bomba chini, nikitafuta maji yatakwenda upande gani na kwa nguvu kiasi gani. Hesabu zangu zilikuwa safi. Mikono yangu ilikuwa mikavu.

Niliporudi hapakuwa na tangi wala bahari ya kusoma, palikuwa na darasa, na nilikubali darasa kwa moyo mweupe. Nchi ilihitaji walimu. Kisha, mwaka ulipotimiza miaka kumi, yakaja maonyesho ya shule. Mgeni rasmi angetoka wizarani, na kila shule ilitakiwa ionyeshe kitu kilichotengenezwa kwa mikono yake yenyewe, bila kuagiza chochote nje. Wengine walitayarisha mabanda ya kuku na majembe. Mimi nilisimama kwenye kikao cha walimu nikasema, "Tutaunda bahari ya ncha ya dunia hapa hapa Temeke." Walipiga makofi. Nilizipenda zile sauti za makofi kuliko inavyompasa mtu mzima.

Tangi tulilitengeneza kwa vioo vya madirisha na lami. Maji ya bahari wanafunzi waliyabeba kwa madebe kutoka pwani ya Mtoni. Barafu tuliinunua kiwandani, ile ya kuhifadhia samaki, ikaletwa ndani ya magunia yaliyojaa unga wa mbao. Na aliyenisaidia kwa yote hayo alikuwa mhudumu wa maabara, Mzee Likumbo.

Yeye ndiye aliyekuinua siku ya maonyesho. Najua unamkumbuka kama mtu mrefu mwenye kofia ya mkeka. Alikuja mjini kutoka Lindi akiwa kijana, akafanya kazi kiwanda cha barafu karibu na bandari kwa miaka mingi, mpaka kifua kilipomsumbua kwa baridi ndipo akaja kwetu shuleni kuosha chupa na kufagia maabara. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee," naye akaitikia "Marahaba, mwalimu," kwa sauti ndefu, kana kwamba neno lenyewe lina utamu anaotaka kuumaliza.

Siku mbili kabla ya maonyesho tulijaribu tangi kwa mara ya kwanza. Niliweka pande la barafu likielea mwisho mmoja, nikadondosha wino wa buluu juu yake, nikangoja pazia lishuke. Halikushuka. Maji ya buluu yalitoka kwenye barafu, yakatandaa juu ya uso wa maji kama mafuta, yakakaa pale pale. Nikarudia. Yakatandaa tena. Nikabadilisha wino, nikalaumu vioo, nikamfokea mwanafunzi mmoja kwamba ametikisa meza.

Mzee Likumbo alikuwa ameegemea ufagio. Akasema, "Mwalimu, hayo hayazami. Barafu yetu ni ya maji matamu. Maji matamu ukiyamwaga kwenye chumvi yanakaa juu. Si ndiyo maana mvua ikinyesha baharini, juu panakuwa hapana ukali?"

Nikamwambia maji ya baridi ni mazito.

"Ni mazito, sikatai. Lakini chumvi inayashinda. Ngoja nikwambie." Akasogeza kibao akaketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yangu. "Kiwandani tunatia maji matamu kwenye makopo marefu, makopo tunayatumbukiza kwenye tangi la maji ya chumvi yenye baridi kali. Barafu inaanza pembeni inakwenda ndani. Ikienda hivyo, inasukuma. Chumvi yoyote iliyokuwemo, taka yoyote, inasukumwa katikati. Sie tulikuwa tunapaita moyo. Kabla moyo haujaganda unaunyonya kwa mpira, unatia maji safi. Ukiuacha, mteja anakuletea barafu yako, anakwambia onja mwenyewe, ni chungu. Barafu haitaki chumvi, mwalimu. Inaitema. Sasa wewe unataka maji yazame? Usiyeyushe barafu. Gandisha."

"Nigandishe bahari kwa kitu gani, Mzee? Kwa maombi?"

Wanafunzi walicheka. Yeye pia alicheka, tena zaidi yao. "Kwa debe," akasema. "Chukua debe, lisimamishe mwisho wa tangi. Barafu iponde, ichanganye na chumvi, itie ndani ya debe. Barafu isiguse maji. Utaona bati linavyoota ganda kwa nje, na maji yatakavyoshuka. Debe ninalo nyumbani."

Atu, alikuwa amenieleza kwa dakika tano lile ambalo fundi wa koti la kijivu alikuwa akilifanya kila asubuhi kabla sijafika. Kwenye tangi la profesa, barafu ilikuwa ndani ya sanduku la shaba. Nililikumbuka lile sanduku pale pale, likaja machoni mwangu na mng'ao wake wote. Nilijua, wakati ule ule, kwamba Mzee yuko sahihi. Nataka uelewe hivyo, usije ukanitafutia udhuru wa kutojua.

Nikasema, "Mzee, hii ni fizikia. Tafadhali niletee ndoo."

Kwa nini? Nimejiuliza muda mrefu na majibu yangu yote yananitia shaka. Wakati mwingine najiambia niliogopa muda usingetosha, ingawa debe lingeweza kufika jioni ile ile. Wakati mwingine najiambia ni kwa sababu ya wanafunzi waliokuwa wakitazama. Nadhani ukweli ni mdogo kuliko hayo na mbaya zaidi. Nilikuwa mtu pekee pale aliyewahi kuiona bahari ya kioo, na sikutaka ijulikane kwamba mtu aliyetoka kwenye makopo ya barafu aliielewa kuliko mimi.

Asubuhi ya maonyesho nilifika peke yangu. Nilichukua wino wa buluu nikaukoroga na vikombe viwili vya chumvi ya jikoni, nikauficha ndani ya mfuko mdogo wa kitambaa chini ya pande la barafu. Ulipolowa, maji ya buluu yakaanza kuchuruzika, yakazama hadi sakafuni, yakatambaa kuelekea upande wa taa. Yalipendeza kuliko ya profesa.

Uliletwa na baba yako ukiwa umevaa gauni la njano. Hukuweza kuona kwa sababu ya watu, na Mzee Likumbo akakuinua akakusimamisha juu ya kreti la soda, akakushika kiuno usianguke. Ukapiga kelele, "Mama, yanakwenda wapi?" Nikakujibu mbele ya wote, "Yanakuja kwetu, mwanangu, chini kwa chini." Ukamgeukia yeye. "Babu, umeona?" Naye akasema, "Nimeona, mjukuu wangu." Alikuwa anauona ule mfuko, maana kutoka pale aliposimama haukufichika.

Mgeni rasmi alikuwa mtu wa kupenda kuzungumza na wafanyakazi, kama ilivyokuwa desturi ya viongozi wakati ule. Alimgeukia Mzee akamuuliza, "Na wewe ndugu, unayefanya kazi humu, umeielewa bahari hii?" Nadhani alitegemea jibu la kufurahisha. Mzee Likumbo alinitazama mimi kwanza. Alinipa nafasi, Atu. Nimeurudia mtazamo ule mara nyingi, na hilo ndilo jambo moja ambalo silitilii shaka. Nilipokaa kimya, akasema kwa adabu, "Ndugu mgeni, nimeona yanazama. Ila barafu ninayoijua mie, ikiyeyuka maji yake hukaa juu. Hapa sijaelewa."

Ningeweza kusema maneno mawili tu. Badala yake nikacheka, nikasema, "Mzee wetu ni bingwa wa ndoo na ufagio. Bahari bado tunamfundisha."

Wote wakacheka, na mgeni akampigapiga begani kwa huruma. Wewe ulikuwa bado juu ya kreti, mikono yake kiunoni mwako, na ulicheka pia kwa kuwa watu wazima walicheka.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu aliniita. Alisema mhudumu aliyeiaibisha shule mbele ya wizara hafai kukaa maabara, na shamba la shule lilihitaji watu. Akaniuliza kama nina neno. Nikasema, "Mwenye uamuzi ni wewe." Sentensi hiyo niliitamka kwa upole. Ndiyo inayonitesa kuliko kicheko, kwa sababu kicheko kilinitoka kwa hofu, na hii niliipima kabla ya kuitoa. Mtu mwenye kifua kibovu akapelekwa kulima mihogo kwenye mvua za masika.

Sikuweza tena kumwamkia. Usidhani ni kiburi, neno lilinikwama. Ukimwambia mtu shikamoo unajishusha mbele yake, na mimi nilikuwa nimeshamshusha yeye mpaka chini, ningeanzia wapi? Nikaanza kupita njia ya nyuma ya jiko la shule. Siku nilipokutana naye uso kwa uso, jembe begani, nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Yeye akanitazama, akaitikia, "Marahaba, mwalimu." Akapita.

Tangu siku hiyo, kila tulipokutana alifanya hivyo. Aliitikia salamu ambayo sikuitoa. Alifanya hivyo miaka minne, mpaka alipostaafu. Walimu wengine walidhani nimemwamkia kwa sauti ndogo. Sijapata kujua kama alikuwa ananisuta au ananihifadhi. Kuna siku nimekuwa na hakika ni masuto, na kuna siku nimekuwa na hakika ni msamaha, na hakika zote mbili zilikuwa na hoja nzuri. Nimejifunza kutoziamini hoja zangu nzuri.

Zile hesabu za masanduku mawili zilikuwa na jambo moja lililotushangaza. Unaweza kuyapa masanduku joto lile lile na chumvi ile ile, na bado ukapata majibu mawili: bahari inayozunguka kwa nguvu, au bahari iliyolegea na kugeuza mwendo. Kinachoamua ni hali uliyoanzia. Sipendi kuwafananisha watu na maji. Ni njia rahisi ya kukwepa lawama. Lakini nikifikiria dakika ile Mzee aliponitazama, naona palikuwa na mwalimu yule yule, tangi lile lile, na majibu mawili. Nilikuwa nimeshaanza kwa mfuko wa kitambaa. Jibu lilishaelemea upande.

Umeniambia huko mtaiunda bahari kwa hesabu tupu, ndani ya mashine inayolishwa kadi zenye matundu, na kwamba hapatakuwa na vioo wala lami. Sijui mengi juu ya hayo na sitajifanya ninajua. Najua tu kwamba tangi langu lilinionyesha kile nilichotaka kuona, na sababu ni kwamba nilikuwa nimekificha humo mwenyewe. Nashuku hata kadi zinaweza kubeba mfuko wa kitambaa. Na pale mtakapofanyia kazi patakuwa na mtu anayefika kabla yenu. Mimi sikumuuliza wangu jina.

Sasa linabaki lile ninaloliogopa. Ulichagua maisha yako ukiwa umesimama juu ya kreti, ukitazama uongo wangu. Nimejiuliza kama kukuambia leo, safari ikiwa mlangoni, si ukatili mwingine, au ni mimi tu ninayetaka kupunguza mzigo kwa kukubebesha wewe. Inawezekana. Lakini nimeona nisikuache uende kuusimulia uongo ule kwa mdomo wako safi. Bahari yenyewe haikudanganyi, Atu. Maji ya kule yanazama kweli, kwa sababu alizozieleza mtu wa kiwanda cha barafu akiwa ameketi kwenye kibao. Ulichokipenda kipo. Ni mimi niliyekuonyesha kwa njia chafu.

Mzee Likumbo yuko hai. Anaishi Pugu, nyuma ya stesheni, kwa binti yake. Nimeambiwa na mwanafunzi wangu wa zamani. Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza niliishia stesheni. Mara ya pili niliiona nyumba, nikaona kofia ya mkeka imetundikwa ukutani, nikarudi.

Ndege yako kesho ni saa tisa alasiri. Nimemwomba baba yako tutoke hapa saa moja asubuhi, naye, Mungu ambariki, hakuuliza kwa nini. Alisema tu kwamba basi kitasa itabidi kiwe tayari leo. Tukifika kwenye uwanja wa ndege tunaweza kupitiliza, tuendelee na barabara mpaka Pugu. Ningependa umuulize mwenyewe juu ya debe na juu ya ule moyo wa barafu, umsikilize mpaka amalize, halafu uyabebe maneno yake huko uendako, kwa jina lake. Wakikuuliza tena kwa nini bahari, uwe na la kuwaambia. Ukiona huwezi kwenda na mimi, iache barua hii mezani bila neno. Nitaelewa, na nitakwenda peke yangu ukishapaa.

Nasikia lango. Ni wewe, au ni baba yako ameangusha nyundo tena.

Sijui atatupokeaje, wala sina haki ya kukisia. Ninalojua ni kwamba ataniona kabla sijamfikia, kama kawaida yake, na atafungua mdomo. Nitaharakisha hatua. Safari hii nataka shikamoo yangu isikike kabla hajaiitikia.

Mama yako